Uvimbe kwenye ubavu: wifi yangu aende wapi, na aseme nini?

Ndugu zangu,

Wifi yangu, aliyefika Uingereza mwaka jana, ameota kinundu kwenye ubavu wa kushoto, chini kidogo ya titi. Hakimuumi wala hakumbuki kuanguka. Amekuwa akikichua kwa mafuta ya nazi, na hospitali haendi kwa kuhofia bili. Tumshauri nini?

Leicester

*

Dada yangu,

Kwanza aache kukichua. Kuhusu bili, kumwona GP, yaani daktari wa kawaida wa mtaani, hapa England ni bure kwa kila mtu, hata asiye na kibali cha kuishi, na hapaswi kunyimwa usajili kwa sababu tu hana hati ya anwani. Gharama zinaweza kuwapo kwenye baadhi ya huduma za hospitali, lakini aliyelipia ada ya afya pamoja na viza kwa kawaida hatozwi.

Vinundu vingi vya namna hiyo ni mafuta tu, laini, yanayoteleza chini ya ngozi ukiyabonyeza; vingine ni mfupa uliounga baada ya kuvunjika, au gegedu iliyovimba pale ubavu unapokutana na kidari. (Mume wangu alipokonda aliapa kwamba ameota kitu kifuani, kumbe ni ncha ya kidari chake mwenyewe.) Lakini uvimbe unaokua, ulio mgumu na usiosogea, au unaozidi sentimita 5, unahitaji altrasaundi ya haraka, na kwa kuwa uko karibu na titi, titi nalo lipimwe.

Liko jambo ambalo daktari wa huku anaweza asiliulize, nalo ni kifua kikuu, ambacho hushambulia hata mbavu na kufanya jipu lisilo na joto wala wekundu, huku mgonjwa hakohoi kabisa. Mimi nilipewa dawa za jipu la kawaida mara mbili, hadi nilipotaja kwamba marehemu baba, niliyemuuguza Tanga, alikuwa na ugonjwa huo. Kwa hiyo wifi aseme bila kuona haya ametoka wapi, aliishi na nani aliyeugua, na kama anatokwa na jasho usiku au nguo zinampwaya. Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu hapa hatozwi mtu yeyote, awe na kibali au asiwe nacho.

Anapoomba miadi aombe pia mkalimani wa Kiswahili, ambaye halipiwi, badala ya kwenda na mtoto, na kama anaona haya kuvua nguo aombe daktari mwanamke. Akiandikiwa altrasaundi ya haraka na wiki mbili zikapita bila barua wala simu, apige yeye.

Reading