Mjadala: Mfamasia anazijua dawa za akili kwa wazee, au anauza tu?

Mwana wa Mama: Mama ana miaka 78. Usingizi ulimpotea, akaandikiwa diazepamu (ya kutuliza na kulaza) na amitriptilini (ya sonona) pamoja. Akaanza kuyumba, akachanganya majina ya wajukuu, mwisho kaanguka bafuni. Famasi walimwandikia 1x1 usiku, yaani kidonge kimoja mara moja, basi. Hawakujua kuwa ni hatari kwa mzee? Au tunahudumiwa na wauza Panadol wenye koti jeupe?

Mfamasia Moro: Pole kwa mama. Lakini muuza Panadol ni nani? Nimesoma digrii miaka 4, na mwaka mzima wa mafunzo kazini. Chunga kauli.

Bi Mkubwa: Digrii yako hajaiuliza. Kauliza kama ungezuia.

Mfamasia Moro: Ningempigia daktari. Diazepamu kwa mzee hukaa mwilini siku kadhaa, ya leo inaikuta ya juzi. Amitriptilini inafunga choo na mkojo, inavuruga akili. Wamarekani wana orodha ya Beers, ya dawa za kuepukwa kwa wazee, tangu 1991, zote mbili zimo. Ila vyeti vingi vya dawa vinakuja bila umri, na anayefuata dawa ni mjukuu.

Dada wa Kaunta: Si kila koti jeupe ni mfamasia! Mitaani mnahudumiwa na sisi wa duka la dawa muhimu, tuliosoma wiki chache. Habari za wazee na dawa za akili tungefundishwa saa ngapi? Halafu tunatukanwa sisi.

Kaka Tabata: Familia nazo zinachangia. "Nipe kitu bibi alale." Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anapewa haloperidoli, dawa ya kichaa, atulie. Marekani walishaonya kuwa kundi hilo la dawa linaongeza vifo kwa wazee wa aina hiyo, 2005 kwa dawa mpya, 2008 wakajumuisha za zamani.

Bi Mkubwa: Wewe umewahi kukesha na mzee anayelia apelekwe kwa mama yake aliyekwishazikwa? Usituhukumu.

Kaka Tabata: Sijakuhukumu, shangazi. Nasema mnapewa dawa badala ya msaada.

Bi Mkubwa: Msaada gani? Utaje.

Mwana wa Mama: Jamani, mama yangu hana ugonjwa wa kusahau. Nazitupa dawa zote leo.

Mfamasia Moro: Usitupe! Diazepamu ikikatwa ghafla baada ya muda mrefu inaweza kuleta degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo, chini ya daktari. Ameanza lini, na ni miligramu ngapi?