Nyumba ya maskini wa Ireland miaka ya 1840 ilikuwa na viti kweli?

FundiGikomba
Hamjambo wadau. Mimi ni fundi wa viti na makabati hapa Gikomba. Kikundi fulani cha maigizo kimeniagiza vyombo vya nyumba ya mkulima maskini wa Ireland, kabla tu ya ile njaa ya viazi iliyoanza 1845. Wameniletea picha: meza ya miguu ya kuchonga, viti sita, kabati la sahani, vyote mahogani. Maskini gani huyu? Sitaki kula pesa ya watu halafu wachekwe jukwaani.

MamaShiru
Fundi, una haki ya kushtuka. Nilikaa Dublin miaka tisa nikihudumia wazee, na siku za mapumziko nilizunguka makumbusho. Sensa ya 1841 iliweka nyumba katika madaraja manne. La nne lilikuwa kibanda cha udongo cha chumba kimoja, na karibu nyumba mbili kwa kila tano zilikuwa hivyo. Humo meza usitafute. Chungu cha chuma cha miguu mitatu, vigoda, kapu. Viazi vikiiva vinamwagwa kapuni maji yachuruzike, kapu linatuliwa juu ya chungu kilekile, watu wanalizunguka, wanamenya kwa kucha. Moto wenyewe ni wa udongo wa kinamasi, unakatwa kama matofali na kuanikwa.

Kazi yako iko mlangoni: ukate vipande viwili. Cha chini kimefungwa kuku wasiingie, cha juu wazi mwanga upite.

FundiGikomba
Dada, mbao nimeshanunua!

Otis_Pipeline
Waambie waongeze onyesho la tajiri. Strokestown, jumba la tajiri kule Roscommon, Ireland, jikoni kuna roshani. Enzi hizo mama mwenye nyumba alisimama juu, akamdondoshea mpishi karatasi ya vyakula. Sakafu ya jikoni hakuikanyaga.

MamaShiru
Au nyumba namba 14, Henrietta Street, Dublin. Ilijengwa kwa wakubwa miaka ya 1740. Mwaka 1877 mwenye nyumba mpya aling'oa ngazi ya fahari apate vyumba zaidi vya kukodisha. Kufika 1911 walikuwa humo watu 100. Otis, landilodi wako asisome hii.

FundiGikomba
Nimewapigia, wamekubali la roshani, kwa hiyo mahogani imepona. Mlango naanza kesho. Kapu nitalipata Kariokor. Chungu cha miguu mitatu nawaachia jamaa wa Kamukunji.