Kalori 1,500 na vyuma siku tano: skwati inashuka, nifanyeje?

Mdau82
Wakuu, salaam. Nina kilo 82, na uzito hutulia nikila kalori kama 2,600 kwa siku. Nimeshuka hadi 1,500 ili mafuta ya tumboni yaondoke, na vyuma nanyanyua siku tano kwa wiki. Sasa ni wiki ya nne. Kilo zinapungua, ila skwati (kuchuchumaa na kuinuka na nondo mabegani) imetoka kilo 100 mara tano hadi 90 kwa tabu. Jimu wananishauri nihamie vyuma vyepesi, marudio 20 hadi 25, eti ndiyo kuchonga mwili. Ni kweli? Na protini iwe gramu ngapi?

Nondo_Nzito
Usiache vyuma vizito, mkuu. Mwili ukikosa kalori hubana matumizi, na msuli usiotumika hupotea kwa urahisi zaidi. Kinachoulinda ni mzigo unaoendelea kuudai. Marudio 25 yanaweza kutunza ukubwa wa msuli ukiyafikisha karibu na kushindwa kabisa, lakini nguvu ya skwati nzito itapotea na utachoka zaidi ya ulivyochoka sasa. Mafuta ya tumboni huondolewa na upungufu wa kalori. Idadi ya marudio haiyachagui.

Kosa liko kwenye hesabu. Umekata kalori 1,100 kwa siku, nyingi mno kwa mtu wa skwati nzito. Rudi 2,100 hadi 2,200. Lenga kushuka asilimia 0.5 hadi 0.7 ya uzito kwa wiki, yaani gramu 400 hadi 600 hivi. Kuna utafiti wa wanamichezo wa Norwe wa mwaka 2011: wote walinyanyua vyuma, kundi moja likashuka asilimia 0.7 kwa wiki, jingine 1.4. Waliokwenda polepole waliongeza misuli huku mafuta yakipungua. Wenye haraka hawakuongeza.

Mgawanyo: protini gramu 160 (karibu gramu 2 kwa kila kilo yako), mafuta 65, wanga 230. Jumla ni kalori kama 2,150. Protini igawe milo minne ya gramu 40. Wanga usiuogope. Gramu 50 hivi zile saa moja au mbili kabla ya mazoezi, maana seti nzito (seti ni marudio ya mfululizo kabla ya kupumzika) zinaendeshwa na glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa mwilini.

Seti_Chache
Naunga mkono, ila kalori peke yake haitoshi. Punguza seti, uzito uache ulipo. Ukiwa na upungufu, kinachodhoofika mapema ni uwezo wa kupona kati ya siku na siku, na seti nyingi ndizo zinazoumaliza. Kama kila msuli unapata seti 16 kwa wiki, teremsha hadi 9 au 10. Siku tano zifanye tatu au nne.

Skwati ipange hivi: pasha kwa nondo tupu, kisha 50, 70, 85. Seti kuu moja, kilo 90 mara tano, uishie pale ambapo ungeweza kuongeza rudio moja au mawili. Pumzika dakika tatu. Halafu seti mbili za kilo 82.5 mara tano hadi sita, basi. Wiki ikienda vizuri, seti kuu iongeze kilo 2.5.

Jifunze kusoma dalili, hapa ndipo wengi hukosea. Seti kuu ikisimama vizuri lakini za mwisho zinaporomoka, tazama wanga na muda wa kupumzika kati ya seti. Seti kuu yenyewe ikishuka wiki mbili mfululizo, upungufu ni mkubwa mno au usingizi ni mfupi. Ongeza kalori 150 hadi 200 kabla hujagusa ratiba.

Mizani_na_Tepu
Usingizi usiutaje kwa kupita tu. Utafiti wa Chicago wa mwaka 2010 uliwapa watu walewale chakula kile kile cha kupunguza uzito. Walipopewa saa 5.5 za kulala badala ya 8.5, kilo walizopoteza zilikuwa karibu sawa, lakini sehemu kubwa zaidi haikuwa mafuta.

Kuhusu kupima: panda mizani kila asubuhi baada ya choo, kabla ya kula, kisha linganisha wastani wa siku saba na wa wiki iliyotangulia. Tumbo lipime kwa tepu usawa wa kitovu. Kilo mbili za wiki ya kwanza huwa maji kwa sehemu kubwa, kwa sababu kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu kama tatu za maji. Chakula kipime kikiwa kibichi, na mafuta ya kupikia yahesabu: kijiko kikubwa kimoja ni kalori kama 120. Vijiko vitatu visivyoandikwa vinaweza kula karibu upungufu wote wa siku.

Baada ya wiki 8 hadi 12, rudi kwenye kalori za kutunza uzito kwa wiki moja au mbili. Dada akiona hedhi inakatika, asiendelee kubana; ale zaidi na amwone daktari. Anayetumia insulini aongee na daktari wake kabla ya kukata chochote.

Mdau82
Nimewaelewa, asanteni sana. Kukimbia je? Na kreatini, ule unga wa kuongeza nguvu, niache kwa kuwa napunguza?

Seti_Chache
Tembea dakika 30 hadi 40 kila siku, miguu haitachoka sana. Ukitaka kukimbia, kimbia baada ya vyuma au siku nyingine, kamwe si kabla ya skwati. Kreatini endelea nayo, gramu 3 hadi 5 kila siku, hata siku ya kupumzika. Kama ndiyo unaianza, mizani inaweza kupanda kilo moja hivi kwa maji yanayoingia kwenye misuli. Usikate chakula kwa ajili ya kilo hiyo, tazama tepu.