Ukoo wa Migosi (kundi la familia kwenye simu): usiku stima zilipopotea

Jumamosi, Januari. Saa 2:05 usiku

Mama Akinyi: Stima zimepotea Migosi yote. Huko Nakuru mnazo?

Shangazi Rosa: Tunazo, wifi. Poleni. Watoto wamekula?

Mama Akinyi: Wamekula. Akinyi yuko nje na daftari na tochi, hataki kuingia. Ana swali la sayansi limemkaa. Ngoja nimpe simu aandike mwenyewe.

Akinyi (simu ya Mama): Shangazi ni mimi. Tumeulizwa dunia ilitoka wapi. Nimeandika hivi: Hapo zamani jua lilikuwa kubwa sana, likapasuka, vipande vikaruka, vikapoa, vikawa sayari. Ni sawa?

Shangazi Rosa: Mwanangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kupeleka. Si sawa, lakini hujakosea peke yako. Mimi nilifundishwa hivyohivyo nikiwa darasa la sita na nikatembea na hilo jambo kichwani hadi chuo.

Shangazi Rosa: Ondoa wazo moja tu, kwamba jua ni mama wa dunia. Jua si mama. Jua na dunia ni ndugu, walitoka tumbo moja.

Baba mdogo Ochieng: Tumbo gani tena dada?

Shangazi Rosa: Wingu, Ochieng. Wingu la gesi na vumbi. Si kama haya yanayotoka ziwani jioni. Lilikuwa kubwa mno na baridi kali, nyuzi kama 260 chini ya sifuri. Karibu lote lilikuwa haidrojeni na heliamu. Vumbi lilikuwa kama fungu moja tu kati ya mia ya uzito wake, na chembe zake zilikuwa laini kama moshi wa koroboi.

Shangazi Rosa: Miaka bilioni 4.6 iliyopita, sehemu moja ya wingu hilo ililemewa na uzito wake yenyewe ikaanza kujivuta ndani. Karibu kila kitu kiliangukia katikati. Ukigawa uzito wa jua na sayari zake zote mafungu 1,000, jua lilichukua 998. Sisi na Mshtarii na Zohali na wengine wote tunagawana hayo mawili yaliyobaki.

Mama Akinyi: Mawili tu!

Shangazi Rosa: Mawili, na mengi ya hayo ni ya Mshtarii. Dunia ni makombo ya mezani. Huko katikati pakabanwa, pakachemka, hadi haidrojeni ikaanza kuungana na kuwa heliamu. Leo moyo wa jua una joto la nyuzi milioni 15. Ndilo linalokausha omena zenu huko ufukweni Dunga.

Saa 2:31 usiku

Akinyi (simu ya Mama): Shangazi sasa kama kila kitu kilianguka katikati, sisi kwa nini hatukuanguka?

Shangazi Rosa: Hilo ndilo swali. Lisome tena hilo swali Ochieng, mtoto wako ana akili.

Shangazi Rosa: Lile wingu lilikuwa linazunguka polepole. Sasa Akinyi, kuna kile kiti cha baba yako chenye magurudumu, kinachozunguka. Kaa juu yake, shika chupa mbili za maji zilizojaa, nyosha mikono kabisa. Mwambie Mama akuzungushe taratibu, halafu vuta chupa kifuani kwa mara moja. Kisha uniambie.

Baba Akinyi: Kiti changu na giza hili jamani. Mama, mshikie tochi.

Akinyi (simu ya Mama): Shangazi!!! Kimeenda kasi! Nilikuwa nazunguka polepole, nilipovuta tu kikachukua kasi peke yake. Kichwa bado kinazunguka.

Shangazi Rosa: Hivyo ndivyo wingu lilivyofanya. Lilipojivuta, mzunguko ukaongezeka. Gesi na vumbi vilivyokuwa vinashuka kutoka juu na vilivyokuwa vinapanda kutoka chini vikakutana katikati, vikagongana, mwendo wao huo wa juu na chini ukaisha. Ule wa kuzunguka haukuwa na wa kuumaliza, kwa sababu wote walielekea upande mmoja. Kwa hiyo likabaki sahani bapa, kama chapati, linazunguka jua changa. Sisi ni vile vilivyobaki kwenye chapati. Tulikuwa na kasi ya pembeni ya kutosha kutoanguka, na bado tunayo.

Akinyi (simu ya Mama): Ndiyo maana sayari zote zinazunguka jua upande mmoja?

Shangazi Rosa: Zote nane, na karibu kwenye sahani moja. Mjerumani mmoja, Immanuel Kant, aliliandika wazo hili mwaka 1755, na Mfaransa Laplace akaja na la kwake 1796. Hawakuwa na roketi wala kompyuta. Waliangalia tu huo mwendo wa upande mmoja, wakaona kwamba haiwezi kuwa bahati.

Mjomba Wafula: Mwalimu habari ya jioni. Ninafuatilia kutoka Busia. Lakini Zuhura si inajizungusha kinyume? Nilisikia redioni.

Shangazi Rosa: Njema sana Wafula. Ni kweli, yenyewe inajigeuza kinyume, na Uranusi imelala ubavu. Lakini njia yao ya kulizunguka jua ni ileile ya wenzao. Jinsi sayari inavyojigeuza inaweza kuharibiwa baadaye na migongano. Njia ni urithi wa ile sahani.

Saa 2:50 usiku

Baba mdogo Ochieng: Mimi kinachonisumbua ni hiki. Vumbi haliwi jiwe. Nimeishi na vumbi miaka 40, linakaa vumbi.

Shangazi Rosa: Ochieng, wewe unakiona kila siku kinachojibu hilo. Magugu maji yanapokuja Dunga yanakujaje?

Baba mdogo Ochieng: Yanakuja na upepo. Asubuhi unaona vipande, kimoja huku kimoja kule, kama sinia. Vyote vinasukumwa upande mmoja. Kimoja kinakifikia kingine taratibu, mizizi inashikana, hawaachani tena. Kikiwa kikubwa ndio kinazidi kuvizoa vidogo. Kufikia mchana ni kisiwa, mtumbwi hautoki. Wiki iliyopita tulisukuma kasia hadi mikono ikachubuka.

Shangazi Rosa: Na ikija dhoruba, visiwa viwili vikagongana kwa nguvu?

Baba mdogo Ochieng: Vinakatika.

Shangazi Rosa: Umeshamaliza somo. Kwenye ile sahani kila kitu kilikuwa kinakwenda upande mmoja kwa kasi zinazokaribiana, hivyo chembe zilikutana taratibu na kunata. Zingekuja kutoka kila upande zingesagana zikabaki unga. Ule mwendo wa pamoja ndio uliotufanya tuwepo.

Shangazi Rosa: Lakini sitaki kumdanganya mtoto kwamba kunata kunatosha. Kunakufikisha kwenye kokoto. Kokoto mbili hazinati, zinadunda. Tena gesi ya ile sahani ilizunguka polepole kidogo kuliko kokoto, kwa hiyo kokoto zilikuwa kama zinapigwa na upepo wa usoni. Zinapoteza kasi, zinaporomoka kuelekea jua.

Mjomba Wafula: Upepo wa usoni naujua. Nilipokuwa nabeba watu kwa baiskeli hapa mpakani, ukiwa peke yako na abiria upepo unakumaliza. Tulikuwa tunapanga mstari, mmoja nyuma ya mwenzake. Wa mbele anakata upepo, wa nyuma wanapumua. Na ukiona mstari mbele yako unajitahidi uufikie, kwa hiyo mstari unakuwa mrefu.

Shangazi Rosa: Wafula, hivyo ndivyo wanasayansi wengi wanavyoeleza leo. Kokoto zikijikusanya kidogo zinakingana upepo. Zilizo peke yake zinapunguzwa kasi hadi zinaingia kwenye kundi. Kundi likizidi kuwa zito, linajivuta kwa uzito wake na kuwa jabali la kilomita nyingi, bila kupitia hatua ya kunata moja moja. Kuanzia hapo uvutano unafanya kazi yote. Majabali yanavutana, yanamezana.

Akinyi (simu ya Mama): Na kwa nini Mshtarii ni mkubwa na sisi wadogo?

Shangazi Rosa: Karibu na jua palikuwa na joto, barafu haikuweza kukaa. Mawe na chuma pekee ndivyo vilivyovumilia, na hivyo vilikuwa vichache. Mbali zaidi, ng'ambo ya Mirihi, maji yaliganda. Huko kulikuwa na mawe pamoja na barafu tele, kwa hiyo Mshtarii alipata mwili upesi akaanza kuivuta na gesi yenyewe. Ana uzito wa dunia 318. Ilibidi awahi, kwa sababu baada ya miaka milioni chache gesi yote ilikuwa imetawanyika.

Saa 3:12 usiku

Baba Akinyi: Rosa nakuheshimu, lakini hakuna aliyekuwepo. Mtoto ataandika kitu ambacho hakuna aliyeona.

Shangazi Rosa: Ni haki yako kuuliza kaka. Sahani kama hiyo imeonekana. Kule jangwa la Atacama, Chile, kuna antena 66 zinazofanya kazi kama jicho moja, zinaitwa ALMA. Mwaka 2014 ziliipiga picha nyota changa iitwayo HL Tauri, yenye umri wa miaka milioni moja au pungufu. Imezungukwa na sahani la vumbi lenye mapengo ya duara, moja baada ya jingine. Iko mbali, safari ya miaka 450 kwa mwendo wa nuru. Na angani iko eneo moja na Kilimia, lile kundi la nyota la methali tuliyokariri shuleni.

Shangazi Rosa: Na kuhusu undugu, kuna kipimo cha damu. Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini magharibi mwa Tanzania. Ni jiwe jeusi tu. Walipolipima, ukiacha gesi kama haidrojeni na heliamu ambazo jiwe haliwezi kuzishika, uwiano wa chuma, magnesi, silikoni na vingine vingi ulikuwa karibu sawa kabisa na wa jua. Jiwe limepoa mabilioni ya miaka na jua linawaka, na bado vimo vilevile, kwa vipimo vilevile. Vimondo vya aina hiyo duniani kote vimepewa jina kwa herufi ya Ivuna. Wajapani walipoleta gramu 5 na kitu za udongo wa kijisayari Ryugu mwaka 2020, waliuona ni wa ukoo huohuo wa Ivuna.

Baba Akinyi: Ivuna. Jina la kwetu Afrika Mashariki, na sijawahi kulisikia hata siku moja.

Shangazi Rosa: Linaniuma hilo. Wanafunzi wangu wanaweza kunitajia vimondo vya Marekani. Akinyi, tafadhali andika Ivuna kwenye daftari lako, kwa kalamu.

Akinyi (simu ya Mama): Nimeandika.

Saa 3:25 usiku

Nyanya Maseno: Ni Otis naandika, Nyanya ndiye anasema. Anasema amesomewa yote. Anauliza, hilo wingu lilitoka wapi, na nani aliliweka.

Shangazi Rosa: Mama, la pili nakuachia wewe, unalijua kuliko mimi. La kwanza naweza. Haidrojeni ni ya tangu mwanzo wa ulimwengu. Lakini chuma, na oksijeni, na chokaa ya mifupa, vilipikwa ndani ya nyota nyingine zilizoishi na kufa kabla ya jua kuwepo. Walipokufa walivitema, vikawa vumbi la wingu letu. Zile tembe za damu unazopewa kliniki, chuma kilichomo kina umri mkubwa kuliko jua.

Nyanya Maseno: Nyanya amenyamaza kidogo. Sasa anasema hata padre humpaka majivu na kumwambia yeye ni mavumbi, lakini hakujua kwamba ni mavumbi ya mbali hivyo. Anauliza kama mawingu ya aina hiyo yaliisha.

Shangazi Rosa: Hayajaisha Mama. Na huko Maseno hakuna taa nyingi, utaliona moja sasa hivi. Otis, mtoe Nyanya nje, mpe shuka. Tazameni juu, upande wa mashariki kidogo. Kuna nyota tatu kali zilizopangana mstari mfupi. Mmeziona?

Nyanya Maseno: Tumeziona. Anasema hizo anazijua tangu utotoni.

Shangazi Rosa: Shukeni kutoka hapo kuelekea kusini, upande wa Kisii. Kuna nyingine tatu hafifu, zimening'inia. Ya katikati si nyota. Msiikazie macho, tazameni pembeni yake kidogo.

Akinyi (simu ya Mama): Na sisi tunatoka. Ahsante stima.

Nyanya Maseno: Nyanya ameiona kabla yangu. Anasema ina ukungu, kama mvuke unapoanza kutoka kwenye sufuria.

Shangazi Rosa: Ndilo hilo. Nuru mnayoiona iliondoka huko kama miaka 1,300 iliyopita. Ndani yake nyota zinazaliwa. Darubini ya Hubble imeona humo zaidi ya sahani 100 za vumbi, kila moja na jua lake changa katikati.

Akinyi (simu ya Mama): Shangazi nimeona!! Ni kadoa kadogo. Humo ndani kuna watu watakuja kuzaliwa?

Shangazi Rosa: Huenda mawe kwanza, mwanangu. Dunia yenyewe ilichukua makumi ya mamilioni ya miaka kukamilika.

Nyanya Maseno: Nyanya anasema Akinyi akifunga shule Aprili aje amwonyeshe hizo sahani zilipo. Anauliza kama hilo wingu litakuwepo bado.

Shangazi Rosa: Litakuwepo Mama, ila litakuwa limehamia magharibi. Mtoke saa 1:30 jioni, giza likishaingia tu.

Nyanya Maseno: Anasema basi kiti chake hakirudi ndani, kitakaa hapa nje kikitazama magharibi.