Nyuzi za stadi ya roka kwenye silinda hedi zimekufa, fundi anataka kuchomelea. Naombeni ushauri

mtu_wa_kongwa
Wakuu habari za mchana. Niko Kongwa huku ndani ndani, nina mashine ya kusaga, injini ni ile dizeli ya silinda moja yenye magurudumu mawili makubwa, mtindo wa Lister ila ni ya Kihindi, nilinunua used kwa mzee mmoja. Juzi ikaanza kugonga juu kwenye hedi, moshi mweusi, nguvu hamna, ukimwaga debe la mahindi inataka kuzima. Tukafungua kava tukakuta nati ya breketi ya roka (ule mkono unaosukuma valvu) inazunguka tu haikazi, kuvuta hivi stadi (ile bolti isiyo na kichwa inayoshika breketi) ikatoka yote na nyuzi za hedi zimeng'ang'ania juu yake kama springi. Fundi wa hapa anasema kuna njia mbili, achomelee stadi moja kwa moja kwenye hedi, au akate nyuzi mpya kwenye tundu kwa tepu ya M10 (milimita 10) maana ndiyo tepu kubwa aliyonayo. Mimi roho inasita. Hedi ya kubadilisha kuipata ni mtihani na wateja wameanza kwenda kijiji cha pili. Nifanyeje?

spana_kizota
Usichomelee mkuu!! Hiyo hedi ni kasti (chuma cha kumimina), ukiipiga fimbo ya kawaida ikiwa baridi inapasuka pembeni ya weldi, na ufa ukitembea mpaka kwenye siti ya valvu au njia ya maji hapo huna hedi tena. Kasti inataka ipashwe moto yote polepole, fimbo ya nikeli, na ipoe polepole. Nani atakufanyia hayo Kongwa? Na siku stadi ikikatika utaitoaje?

jembe_halimtupi
Si uachane na hayo mabomu, REA (wakala wa umeme vijijini) wameshaleta umeme, funga mota upumzike na dizeli

mtu_wa_kongwa
@jembe_halimtupi laini iliyofika kwetu ni ya fezi moja mkuu, kinu changu kinataka mota ya fezi tatu. Ungeniwekea na hela ya mota ningekushukuru 😂

Mzee wa Leithi
Kijana, kabla ya kuongelea tepu umepima hilo tundu? Kama ni injini ya mtindo wa Lister kuna uwezekano mkubwa stadi ni ya inchi. Sasa tuseme ilikuwa 3/8, hiyo ni milimita 9.5, na nyuzi zimeshatoka zote kwa hiyo tundu limebaki karibu na hiyo hiyo 9.5. Tepu ya M10 yenye milimita 1.5 kati ya uzi na uzi inataka tundu la 8.5 ili nyuzi zishike vizuri. Ukiipitisha kwenye tundu la 9.5 inakwaruza robo milimita kila upande, wakati ilitakiwa ishike robo tatu. Fundi atakaza, itaonekana imeshika, mtasaga siku mbili tatu halafu mtarudi pale pale na tundu limezidi kuharibika. Na mimi nahisi hata hapo nyuma kuna mtu alishalazimisha stadi ya milimita kwenye nyuzi za inchi, huwa inaingia raundi chache halafu inakaza, watu wanadhani imefika.

Tafuta venia (ya kupimia unene) na geji ya nyuzi, pima ile stadi iliyobaki nzima maana iliyotoka itakudanganya, alafu uje hapa na namba.

Mama Kinu Mpwapwa
Kaka pole. Sisi ilishatutokea hii, stadi ya roka pia. Tuliweka Helicoil, ule waya wa kuviringisha, mpaka leo inasaga. Unatoboa tundu kubwa zaidi kidogo, kwa stadi ya 3/8 ni karibu milimita 10, unapiga tepu yake maalum, unazungusha waya ndani halafu unavunja kile kimkia cha chini na kukitoa. Uzuri ni kwamba stadi inabaki ya saizi ile ile ya zamani. Ubaya wake ile tepu haiuzwi kila duka, lazima uipate na waya wake kwa seti. Fundi wetu alifanya hedi ikiwa juu ya injini, alipaka grisi kwenye tepu ili unga wa kasti ugande humo, na tundu za pushirodi (fimbo zinazosukuma roka) akaziba matambara.

Ila nikuulize, roka zenyewe zilikuwa zinacheza huru? Pushirodi imenyooka? Maana valvu ikigoma kwenye gaidi (kibomba inamoteleza) roka inalazimisha, na anayeumia ni stadi. Ukitengeneza nyuzi tu ukaacha valvu inakwama umefanya kazi bure.

spana_kizota
Mama Kinu sikatai ila kufanya juu ya injini kwa drili ya mkono ni bahati. Tundu likilala kidogo tu breketi inakaa upande, roka inagonga valvu kwa pembeni inakula gaidi. Mimi nashusha hedi, naifunga kwenye drili ya kusimama. Gasketi ya hedi unanunua nyingine, siyo mwisho wa dunia

Mama Kinu Mpwapwa
Gasketi yenyewe ukiikosa unakaa wiki bila kusaga. Wewe uko mjini unaongea tu

mtu_wa_kongwa
Nimerudi wakuu. Nimeazima geji kwa jamaa wa trekta. Stadi nzima ni 9.5 kweli, na kwenye geji imekaa nyuzi 16 kwa inchi. Tundu lililokufa limefika 9.6. Pushirodi moja ina kakona nimeshaagiza, valvu zote mbili zinateleza vizuri. Sasa jamaa wa trekta anasema hiyo ni UNC (nyuzi za inchi za Kimarekani), fundi wangu anasema Whitworth (za Kiingereza), wamebishana mpaka chai imepoa.

Mzee wa Leithi
Wote wana hoja. 3/8 ya Whitworth na 3/8 ya UNC zote zina nyuzi 16 kwa inchi, tofauti ni pembe ya jino, Whitworth ni digrii 55 na UNC ni digrii 60. Geji yenye maandishi 55 au 60 itawaamulia. Ila kwako haina maana sana kwenye hedi kwa sababu nyuzi za pale hazipo tena, pembe itakuhusu upande wa juu tu ili nati ifanane na stadi.

Mimi ningefanya hivi. Kereza stadi ya ngazi, chini M12 yenye milimita 1.75 kati ya uzi na uzi, juu 3/8 kama ilivyokuwa ili breketi na nati visibadilike. Tundu toboa 10.2 kisha tepu tatu kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, ya kumalizia chini. Kasti inapigwa kavu, unakata nusu raundi unarudisha, usiwe na haraka. Nyuzi zishike kina kisichopungua mara moja na nusu ya unene wa stadi, hapo ni kama milimita 18, lakini KWANZA pima kina cha tundu la zamani na ujue chini yake kuna nini, ukitoboa ukaingia njia ya maji itabidi stadi uizibe kwa gundi ya nyuzi. Ukikuta nyama haitoshi kwa 12, rudi kwenye Helicoil ya Mama Kinu.

Kabla ya kufunga puliza tundu likauke kabisa. Oili ikibaki chini na stadi ikashuka, ile oili haina pa kwenda, kasti inapasuka. Stadi unaishusha kwa nati mbili zilizokazana, ikifika basi, usiikaze mpaka ikagandamize chini.

mtu_wa_kongwa
Nimekuelewa mzee wangu, shikamoo. Hedi nashusha leo, Ijumaa naipandisha Hiace kwenda Dodoma. Nianzie wapi, kuna mtu ana leithi (mashine ya kukereza chuma) ya uhakika?

spana_kizota
Ulizia chuo cha ufundi VETA au karakana za SIDO, wakiwa na foleni zunguka gereji za huku Kizota wachongaji wapo. Nenda na stadi nzima, nati yake na breketi yenyewe, usiende na hedi peke yake. Stadi mpya ichomoze sawa na mwenzake la sivyo kava haikai

Mama Kinu Mpwapwa
Na gasketi nunua huko huko mjini kabla hujapanda gari la kurudi