Nyinyi benye kutengeneza masite, ule mustari wa juu wenye kuonyesha njia (Accueil > Étudiants > Inscriptions) munauweka juu ya nani??

Bandugu, leo sitanyamaza. Mudogo wangu haone, anatumia Android na TalkBack, ile sauti yenye kumusomea kila kitu. Jana mangaribi tuko hapa nyumbani Katindo tunatafuta fomu ya kujiandikisha kwa site ya chuo kimoja, telefone inaanza: «Accueil, supérieur à, Étudiants, supérieur à, Inscriptions, supérieur à...» Ni kusema «kubwa kuliko». Akaniuliza, yaya, supérieur à nini? Banapima nini hapa? Nikakosa jibu.

Ule mustari, kwa Kifaransa fil d'Ariane, kazi yake ni kukuambia uko fasi gani ndani ya site na kukurudisha kwa ukurasa wa juu yake bila kuanza upya. Sasa nyinyi munaandika alama ya > kwa mukono katikati ya maneno! Ile ni ya macho tu, ichore na border ya CSS (lugha ya kupamba ukurasa), usiiweke hata na content ya CSS juu nayo inaweza kusomwa. Kwenye HTML (lugha ya kujenga ukurasa) weka nav yenye aria-label, ni kusema jina lenye TalkBack itasoma, ndani yake orodha ya ol, yenye kufuatana, na ukurasa wenye mutu eko unaupatia aria-current="page". Njo ile tu, mistari kidogo sana, na mudogo wangu angesikia vizuri eko wapi.

Na mimi mwenye kuona nilipata shida vilevile. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, madogo, yamekunjwa mistari mitatu kwenye kaskrini kangu, nafinya "Étudiants" inafunguka ingine, na kila kosa ukurasa unapakia upya na mega zinakwenda. WCAG 2.2 ya mwaka 2023, ile miongozo ya dunia ya kutengeneza site zenye kila mutu anaweza kutumia, inasema fasi ya kufinya isipungue pikseli 24 kwa 24, na rangi za maandishi ya kawaida zipishane 4.5 kwa 1. Iko wazi, munaikataa juu ya nini?

Mubaya zaidi, mustari wenyewe ulitudanganya. Tulipitia Habari, basi ukaandika Inscriptions iko ndani ya Habari! Fasi tulipopita bouton ya kurudi ya telefone inaijua tayari, mustari uonyeshe fasi ukurasa unapokaa.

Mega ziliisha, fomu hatukuipata. Ma-developa ba hapa Goma, leo mangaribi washeni TalkBack, mufunge macho, mufungue site zenu. Kisha mukuje hapa muandike mumesikia nini.