Naomba ushauri: njia ya mtumbwi Boundary Waters kwa wanaoanza

Habari zenu wakuu, hasa mlioko Minnesota. Mwezi wa nane tunataka kwenda Boundary Waters (lile pori la maziwa mengi kaskazini mwa Minnesota, Marekani) na waifu na watoto, kupiga kasia na kulala kwenye hema. Mimi nimekulia Mwanza mtumbwi naujua, ila wenzangu hawajawahi kushika kasia na waifu kuogelea hajui kabisa (boya havui hata akiwa amekaa, hilo tumeshakubaliana).

Nimekodolea ramani wee, zimebaki njia mbili. Kuanzia ziwa Lake One kwenda Lake Two mpaka Lake Three, hapo unabeba mtumbwi mabegani nchi kavu mara mbili kabla hujafika Two, halafu Lake One yenyewe ina vighuba kibao ni rahisi kupotea. Au kuanzia ziwa Sawbill, unabeba kama mita 150 tu unatokea ziwa Alton, ila Alton ni pana na upepo wa mchana ndo unanitia wasiwasi.

Mliowahi kwenda, ipi afadhali kwa wageni wa maji? Na kambi kwa vile huwezi kubuku, anayewahi ndo anachukua, niwe nimefika saa ngapi ili nisikose yenye pa kushukia pazuri na watoto?